Ukurasa wa Mita Arobaini na Moja

Kwa taadhima yote ninayoweza kuimudu, naufahamisha umma wa Mkoa wa Simiyu, na majirani wote wanaotutegea sikio, kwamba swali gumu la zama hizi za soko huria limepatiwa jibu, na jibu limepatikana hapahapa Bariadi. Swali lenyewe ni hili: je, ukurasa mrefu wa mauzo, ule unaousukuma kwenye simu mpaka kidole gumba kinaota sugu, humshawishi mtu kununua bidhaa ya kidijitali? Wengine huko duniani wamelibishania. Sisi tulilipima kwa futikamba.

Mimi ni Dastan Mboje, Afisa Ushawishi Daraja la Pili katika Wakala wa Maarifa ya Kilimo Mtandaoni, kwa kifupi WAMAKIMU. Daraja la Kwanza halijapata mtu, kwa hiyo ushawishi wote wa kanda hii uko mezani kwangu.

Soko huria lilipokuja, kila kitu kilipata mwenyewe. Kiwanda cha kuchambua pamba kikapata mwenyewe, mbegu ikapata mwenyewe, dawa ikapata mwenyewe. Kilichobaki kikizurura vijijini kama mbuzi asiye na kamba kilikuwa ushauri. Bwana shamba wetu, Mzee Marcelo, alikuwa akiugawa ovyo kwa miaka ishirini na sita. Anasimama pembeni ya shamba, anageuza jani, anamwambia mama mwenye shamba, "Huyu ni funza, mayu. Kesho alfajiri piga dawa," kisha anaenda zake. Hakuna fomu, hakuna mhuri. Mkurugenzi wetu, Bwana Boniventura Nyanda, alipolitazama jambo hilo kwa jicho la kitaalamu aliona ni uvujaji wa rasilimali, akauziba.

Uliandikwa waraka. Kuanzia tarehe ya waraka, Mzee Marcelo asitamke neno la kitaalamu akiwa shambani, njiani, sokoni wala kanisani. Akisalimiwa, aitike. Akiulizwa kuhusu jani, amwelekeze muulizaji mtandaoni. Alipewa meza, kiti cha kuzunguka, na dirisha linalotazama ukuta. Maarifa yake tuliyafupisha kuwa kitabu cha kusomea kwenye simu kiitwacho *Siri Kumi na Mbili za Vitumba*, yaani matunda ya pamba kabla hayajafunguka, kurasa kumi na mbili. Kurasa tano zilikuwa dibaji za viongozi, tatu zilikuwa picha za viongozi wakiwa wameshika pamba. Zilizobaki zilikuwa siri zenyewe. Siri ya nne, kwa mfano, ilisema: "Nyunyiza dawa sahihi, kwa kiasi sahihi, kwa wakati sahihi." Hakuna mtu aliyewahi kuipinga.

Mkulima alitakiwa kufungua ukurasa wetu wa mtandao, kushawishika, kubonyeza kitufe, kulipa kwa simu, na kupokea kitabu. Ukurasa niliuandika mimi. Ulikuwa na mistari sita. Wiki tatu zikapita. Nancy, mtaalamu wetu wa TEHAMA, binti mwenye heshima lakini asiyejua kupamba habari, alileta taarifa kwenye kikao.

"Walionunua?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hakuna."

"Hakuna wengi, au hakuna kabisa?"

"Hakuna, Mkurugenzi."

Wiki iliyofuata Mkurugenzi alikwenda Lamadi kwenye semina elekezi ya siku nne. Alirudi amenenepa kidogo kwa sato na akiwa na nuru usoni. Mwezeshaji mmoja aliwaambia kwamba ukurasa mfupi ni ufukara. Anayeuza hasa huandika kirefu.

"Ni utamaduni wetu wenyewe," Mkurugenzi alitufafanulia, huku akizungusha kalamu. "Mgeni akija kwako, ukampa maji tu, ataaga na kuondoka. Sasa mpe ugali. Mpe mlenda. Mpe nyama, mpe maziwa. Atainukaje aondoke bila kukusikiliza shida yako? Ataona haya! Msomaji ni hivyohivyo. Tumlishe maneno mpaka aone haya kutonunua."

Tulipiga makofi. Siku hiyohiyo iliundwa Kamati ya Urefu, mimi nikiwa katibu.

Tatizo la kwanza la kamati lilikuwa kipimo. Nancy alisema ukurasa wa mtandao hauna urefu, unategemea simu ya mtu. Kauli hiyo ilionekana kuwa ya kukatisha tamaa, haikuingizwa kwenye muhtasari. Tuliamua kuuchapa ukurasa kwenye karatasi, kuziunga karatasi kwa selotepu, kuutandaza kwenye korido na kuupima kwa futikamba ya wapima viwanja. Ukurasa wangu wa mistari sita ulipimwa kwanza. Ulikuwa sentimita kumi na moja. Mkurugenzi aliutazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Dastan," alisema kwa upole, "hii ni aibu ya taasisi." Lengo likawekwa: mita arobaini kabla ya mvua za Januari, na kila baada ya mita mbili kitufe chekundu cha kununulia.

Niliandika kwa moyo wangu wote. Niliandika historia ya pamba tangu babu zetu. Niliandika shuhuda za wakulima hodari, na pale ambapo mkulima hodari hakupatikana niliutunga uhodari wake. Niliuliza maswali makali: "Je, wajua jirani yako anakucheka?" Niliandika kwamba nafasi zimebaki chache, ingawa faili la simu haliishi hata likigawiwa mpaka Mwanhuzi na kurudi. Katikati ya Desemba nilifika mita kumi na tisa, nikakauka. Nilikuwa nimeshatumia "fursa" mara mia mbili na kumi. Nikilala, neno lenyewe lilinizomea.

Ndipo nikamwona Mzee Marcelo. Alikuwa pale kwenye kiti cha kuzunguka, hazunguki, anatazama ukuta.

"Mzee," nilimwambia, "hebu niambie kitu chochote cha pamba. Kirefu kirefu."

"Waraka," alijibu.

"Waraka umekataza shamba, njia, soko na kanisa. Ofisi haimo."

Alifikiri. Alinyanyuka, akafunga mlango, akakaa karibu yangu. Mzee huyu alikuwa amenyamaza miezi minne. Alizungumza siku tatu. Alinieleza jinsi ya kukata shamba mshazari na kukagua mche mmoja baada ya mwingine, upande wa chini wa jani, si wa juu. Alinieleza yai la funza lilivyo, dogo kama chembe ya sukari, na kwa nini ukishaona funza mnene umeshachelewa. Alinieleza siku za kupiga dawa na siku za kuiacha, upepo, umande, na wadudu gani ni rafiki wasiuawe. Alieleza shamba la mwanamke mmoja wa Dutwa lililookoka na la mumewe lililokufa, na sababu yake. Kuna wakati alisimama katikati ya chumba akageuza jani ambalo halikuwepo. Mimi niliandika tu. Nakiri sikusikiliza sana. Nilikuwa nahesabu mita.

Tulipoutandaza ukurasa, korido haikutosha. Ukurasa ulitoka mlangoni, ukashuka ngazi mbili, ukaishia kwenye bomba la maji. Mita arobaini na moja! Mkurugenzi aliutembea wote, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Hakusoma. Msomi wa ngazi yake hasomi, anaidhinisha. Alichuchumaa penye bomba na kutia saini karatasi ya mwisho.

Siku hiyo, mbele ya watumishi wote, alinunua kitabu kwa simu yake mwenyewe, ili, kama alivyosema, kuufungulia mfumo njia. Mfumo ulimpongeza kwa ujumbe. Alikuwa na ekari tatu za pamba kule Nkololo, chini ya uangalizi wa kibarua wake, na akaahidi kuzilima kwa mujibu wa kitabu. Makofi yalikuwa marefu.

Mwezi Januari Nancy alileta taarifa nyingine. Waliofungua ukurasa walikuwa elfu nne na zaidi: Bariadi, Nyashimo, Meatu, hata wengine wa mkoa wa jirani. Mtu mmoja alikuwa akisoma saa nzima, anaondoka, kesho anarudi.

"Umeona?" Mkurugenzi alinipiga bega. "Na walionunua?"

"Ni yule mmoja."

"Wako kwenye mchakato wa kushawishika."

Februari wakawa elfu saba. Mchakato ulikuwa mrefu. Mkurugenzi akaniagiza niende nikampate msomaji mmoja, uso kwa macho, nimuulize kwa lugha ya staha nini kinamzuia. Nancy alitazama kwenye mitambo yake akasema kuna simu moja Nkololo inayofungua ukurasa kila siku saa nne asubuhi.

Nilikwenda. Mwenye simu alikuwa Mayu Nyamizi, mjane wa makamo, mlimaji wa ekari nne. Nilimkuta shambani na wanawake kama kumi, wameegemea majembe wakipumzika, yeye amesimama katikati akisoma kwa sauti, simu ameinyoosha mbali kwa sababu ya macho.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Karibu. Subiri nimalizie hapa penye umande."

Alimalizia penye umande. Wanawake walitawanyika, kila mmoja na mstari wake, wakageuza majani upande wa chini. Nilijitambulisha kwa cheo changu chote. Alisikiliza kwa adabu.

"Kumbe ni ninyi!" alisema. "Asanteni sana. Ila yale makelele ya mwanzo ni ya nini? Sisi huwa tunayapita kama mbwa wa jirani. Yakishabweka yakaisha, ndipo mambo yanaanza."

"Makelele yapi, mayu?"

"Yale ya jirani ananicheka. Jirani yangu ni huyu hapa, Nyanjige. Nyanjige, unanicheka?"

"Sikucheki," Nyanjige alisema bila kuinua kichwa.

Nilikohoa, nikafungua dodoso. "Mayu, umeusoma ukurasa mara ngapi?"

"Sijui. Kila siku kipande."

"Umeshawishika?"

"Sana."

"Sasa kwa nini hujanunua?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta ugonjwa kwenye jani. "Ninunue nini?"

"Kitabu."

"Kina nini ambacho humu hakimo?"

Kitabu nilikijua chote. Dibaji tano, picha tatu, wakati sahihi. Jua lilikuwa linanipiga utosini na wino wa dodoso ulikuwa unakaukia kalamuni.

"Kina picha," nilisema.

"Za wadudu?"

"Za viongozi."

Mayu Nyamizi alinionea huruma. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwezi wa kumi na moja nilikutana na Mzee Marcelo mlangoni kanisani. Nilimshikia jani. Mtu aliyenifundisha kulima tangu mume wangu yuko hai. Akaniambia, 'Za asubuhi, Nyamizi,' akatazama chini. Nililia njia nzima, nikadhani nimemkosea. Halafu naufungua huu ukurasa wenu, nasikia sauti yake. Ni yeye kabisa. Hata ile ya mwanamke wa Dutwa aliwahi kunisimulia."

Nilirudi Bariadi nikiwa naelewa, na kuelewa ni jambo baya kwa mtumishi wa umma. Kitabu tulikifunga kwa kufuli, halafu tukaumwaga ushauri wote mlangoni, bure, kuanzia mita ya kumi na tisa. Na aliyeumwaga ni mimi. Sikula mchana huo. Niliingia kwa Mkurugenzi nikiwa nimesimama wima.

"Mkurugenzi, napendekeza tuufupishe ukurasa. Turudi mita kumi na tisa."

Kalamu yake ilisimama. "Mita arobaini na moja nimeshaziripoti makao makuu, Dastan. Kuna kanda yenye mita nyingi kuliko sisi?"

"Hakuna."

"Ukipunguza hata sentimita moja, nitalichukulia ni hujuma."

Nilisema nimeelewa. Nilitoka, nikafunga mlango polepole, na pale koridoni nikagundua kwamba nilikuwa nimefurahi. Sikuliandika hilo kwenye taarifa. Taarifa yangu ilisema kwamba ushawishi umefanikiwa kupita matarajio, na kwamba wasomaji wameridhika kiasi cha kutohitaji bidhaa.

Msimu ule funza walikuja kwa wingi. Mnaokaa huku mnakumbuka. Lakini watu wa Nkololo waliwaona wangali mayai.

Mwezi Mei ulifika ugeni kutoka makao makuu, ukiongozwa na Bi. Maximiliana, mama mfupi mwenye miwani na daftari dogo. Alikuwa amesikia habari za mita. Tulimtandazia. Aliutembea ukurasa mpaka kwenye bomba la maji, lakini yeye, jambo ambalo halikutarajiwa, alikuwa anasoma. Alichukua dakika hamsini. Tulisimama juani tukimsubiri.

"Sehemu ya pili ni nzuri mno," alisema mwishowe. "Sasa naomba kumwona mteja."

"Wateja ni mchakato," Mkurugenzi alianza. "Katika muktadha wa mnyororo wa thamani, mteja hatazamwi kama mtu mmoja mmoja..."

"Wako wangapi?"

Mkurugenzi alimtazama Nancy kwa jicho la kumwomba apambe habari, walau leo. "Mmoja," Nancy alisema. "Namba yake ya simu hii hapa."

"Mmoja ananitosha," Bi. Maximiliana alisema. Akaibonyeza namba, akaweka simu sikioni.

Simu ikaita kwenye koti la Mkurugenzi. Ilikuwa na mlio wa kwaya. Kwaya iliimba ubeti mzima, watumishi wote wakitazama bomba la maji kana kwamba limeanza kuongea.

"Pokea," Bi. Maximiliana alisema.

Alipokea. Sijui kwa nini alisema "haloo".

"Habari za mchana, ndugu mteja. Napiga kutoka makao makuu. Ulinunua kitabu chetu?"

"Nilinunua," Mkurugenzi alisema ndani ya simu, wakiwa wamesimama umbali wa hatua mbili tu.

"Na shamba unalo?"

"Dogo tu. Liko mbali. Barabara si nzuri."

"Tuna gari la kufaa barabara mbaya," alisema, akakata simu.

Tulikwenda Nkololo magari mawili. Njia nzima pamba ilikuwa imefunguka, nyeupe mpaka inaumiza macho, na watu wamo ndani yake na mifuko viunoni. Kisha weupe ukakatika. Zilikuwa ekari tatu za mabua ya kahawia, vitumba vimetobolewa kama vimepigwa misumari, vingine vimeoza vikiwa vimefumba. Kulia kwake kulikuwa na shamba la Mayu Nyamizi, kushoto la Nyanjige, yote meupe. Hakuna aliyeuliza la Mkurugenzi lilikuwa lipi.

"Kitabu ulikifuata?" Bi. Maximiliana aliuliza.

"Kwa ukamilifu. Dawa sahihi, kiasi sahihi..."

"Wakati?"

"Sahihi," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Kila baada ya kikao cha mwezi."

"Na ukurasa uliusoma?"

"Niliuidhinisha."

Bi. Maximiliana aliandika kitu kifupi kwenye daftari. Hapo ndipo Mayu Nyamizi alipotokea kati ya pamba yake, akijifuta mikono kwenye kanga. Alitusalimia mmoja mmoja, kisha akamgeukia Mkurugenzi. Hakuwa na kejeli hata kidogo. Alikuwa na wasiwasi.

"Baba, nilikuwa nakutafuta mwezi mzima. Kibarua wako alikimbia. Hawa funza wako wanakaa humu kwenye mabua na ardhini. Wasipoondolewa, msimu ujao watahamia kwangu na kwa Nyanjige. Lazima ung'oe yote, ukusanye, uchome moto. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye ukurasa wako. Mita za mwisho." Alitoa simu, akaisukuma kwa kidole muda mrefu. "Nikusomee?"

Mkurugenzi alitazama barabara, akatazama magari, akamtazama Bi. Maximiliana, ambaye alikuwa ameshapata jiwe la kukalia.

"Ni ndefu?" aliuliza.

"Ni ndefu, baba. Vua koti."

Alilivua. Nililipokea, nikalikunja kwa mujibu wa taratibu. Mkurugenzi alituomba sisi watumishi tumsaidie, lakini Bi. Maximiliana alisema, bila kuinua macho, kwamba wakala huu ulisajiliwa kuuza maarifa, si nguvu kazi. Basi Mayu Nyamizi akawa anasoma na Mkurugenzi anang'oa. Bua la kwanza lilimkatalia, la pili likamwangusha kitako. Alipofika mstari wa nne alikuwa ameshajua kwamba unashika chini kabisa, unapinda kidogo, ndipo unavuta. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Wachumaji walikuwa wamesogea mpakani kutazama, na hakuna aliyecheka, maana shamba lililokufa huku hatulicheki.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita barabarani na ng'ombe wake alisimama. Aliangalia magari ya serikali, akamwangalia yule mtu aliyeinama.

"Mwadila," alitusalimia. "Huyo ni nani?"

Nilijua wajibu wangu. Nilisogea mbele, nikakohoa, nikaanza: "Huyo unayemwona ni Mheshimiwa Mkurugenzi wa Wakala wa Maarifa ya Kilimo Mtandaoni, Kanda ya Bariadi, Mwenyekiti mwanzilishi wa Kamati ya Urefu, mhitimu wa shahada ya uzamili katika..."

Mkurugenzi alinyooka taratibu, mkono mmoja kiunoni, vumbi kwenye nyusi.

"Dastan," alisema, "fupisha."

Nilitafuta. Haikuwa rahisi.

"Ni mwenye shamba," nilisema.

Yule mzee aliyapitisha macho kwenye ekari zote tatu, akavua kofia.

"Pole sana, baba," alimwambia.